Kalamu za Uchina: ipi anasa, ipi tunu?

Yamkini msomaji atashangaa kuona nafasi hii, ambayo hutengewa masuala mazito ya elimu, leo inazungumzia kalamu. Hata hivyo, kalamu si kitu kidogo kwa mwalimu wala kwa mwanafunzi. Ndiyo jembe letu. Namna tunavyolichagua jembe hilo, tunavyolisifu na tunavyolitoa zawadi huwafunza watoto wetu jambo ambalo halimo katika silabasi yoyote. Huwafunza maana ya thamani.

Hapa Majengo, mtu akitoka upande wa Makupa akielekea Mwembe Tayari, hakosi kukutana na kalamu za wino za kila sura. Nyingine zimetandazwa mezani pamoja na miwani na saa, nyingine zimefungiwa ndani ya makabati ya vioo ya maduka. Aghalabu zimetengenezwa Uchina na kushushwa katika bandari ya Kilindini. Bei zake zinaanzia shilingi mia chache hadi maelfu, na anayeuza ana sifa ya kuisifia kila moja.

Majuzi suala hili lilinifika kwa njia isiyoepukika. Katika kamati ya kuwatuza wanafunzi ambayo nami ni mwanachama, ziliwekwa mezani kalamu mbili, zote za Uchina. Ya kwanza ilikuwa nene, nzito, imepakwa maji ya dhahabu, na imelazwa ndani ya kisanduku cha mahameli. Ya pili ilikuwa nyembamba, nyeusi, yenye kifuniko cha chuma, ndani ya kijisanduku cha karatasi. Wengi waliipenda ya kwanza. Mzazi mmoja, mtu ninayemheshimu sana, alisema kwamba ile ya pili ni kalamu ya karani, na ile ya kwanza ni kalamu ya waziri. Mimi nilishikilia kwamba tukimpa mtoto ile ya kwanza tutakuwa tumempa kisanduku. Hoja zangu ndizo ninazotaka kuzieleza leo, kwa kuwa naamini mjadala kama huu hufanyika katika shule nyingi.

Kwanza tuitazame lugha yetu, kwani ina hekima yake katika jambo hili. Tuna neno anasa, tuna neno fahari, na tuna neno tunu. Anasa ni starehe inayozidi haja, na mara nyingi mtu akilitamka neno hilo huwa ndani yake mna lawama kidogo. Fahari ni kile kinachomfanya mtu ainue kichwa mbele ya watu. Tunu ni kitu adimu apewacho mtu kwa mapenzi, naye akakihifadhi maisha yake yote. Kalamu ile nzito ilichaguliwa kwa ajili ya fahari na ikasifiwa kwa anasa yake, ilhali kinachostahili kutolewa kwa mwanafunzi aliyefanya bidii ni tunu.

Wako wanaosema kwamba mjadala wote huu hauna maana, kwa sababu kitu cha Uchina hakiwezi kuwa cha thamani. Hao wameisahau historia ya pwani yao. Kwa karne nyingi chombo kilichotoka Uchina ndicho kilichokuwa kipeo cha mapambo kwa Waswahili. Vigae vya kauri ya Kichina vimefukuliwa katika magofu ya Gede. Kule Mambrui kuna kaburi la mnara lililopambwa kwa bakuli za kauri hizo. Katika majumba ya mawe ya Lamu na ya Mji wa Kale, kuta zilichongwa vidaka makusudi ili sahani za Uchina zipate mahali pa kutazamwa. Uhusiano wenyewe haukuwa wa upande mmoja, maana mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa katika kasri la mfalme wa Uchina, akawa kivutio cha ajabu huko. Kwa hiyo babu zetu wasingeelewa kabisa jinsi neno "Mchina" lilivyokuja kumaanisha kitu hafifu midomoni mwetu.

Hata hivyo, washairi wetu walituonya mapema kuhusu anasa ya aina hiyo. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, alivitumia vidaka hivyo hivyo kuwa mfano wa ulimwengu usiodumu: matajiri wa Pate wametoweka, na pahali pa sahani pamekuwa makao ya ndege. Sahani ya kidakani ilitazamwa tu, haikuliwa chakula. Kalamu isiyoandika nayo ni sahani ya kidakani.

Sasa tuzitazame kalamu zenyewe. Inayojulikana zaidi miongoni mwetu ni Hero, jina lenye maana ya shujaa. Kiwanda kilichokuja kujulikana kwa jina hilo kilianzishwa Shanghai mwaka 1931. Katika miaka iliyofuata, kalamu iliyotamaniwa na wengi duniani ilikuwa Parker 51 ya Marekani, iliyotolewa sokoni mwaka 1941. Nibu yake ilikuwa imefichwa ndani ya mwili wa kalamu, ikachungulia ncha tu. Mwaka 1958 wafanyakazi wa kiwanda kile cha Shanghai walijiwekea shabaha ya kuifikia Parker. Matunda ya shabaha hiyo ni Hero 100, kalamu yenye umbo linalofanana na lile la Parker 51 na yenye nibu ya dhahabu. Ndugu yake mdogo ni Hero 616, yenye nibu ya chuma na mpira wa kunyonyea wino, ambayo imeenea katika nchi nyingi za Asia na Afrika. Nilipokuwa mwanafunzi, mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa na kalamu ya namna hiyo mfukoni, na sikupata kumwona akitumia nyingine.

Baada ya Hero wako wengine. Kuna Wing Sung, jina la zamani ambalo siku hizi limefufuka. Kuna Jinhao, ambayo kwa shilingi mia chache humpa mwanafunzi nibu ya chuma inayoandika vizuri kuliko inavyotarajiwa. Jinhao hiyo hiyo hutengeneza kalamu nene iitwayo 159, ambayo kwa unene wake humkumbusha mtazamaji Meisterstück 149 ya Montblanc, kalamu ya Kijerumani iliyoanza kuuzwa mwaka 1952 na ambayo bei yake ni mishahara kadhaa ya mwalimu.

Katika kundi hili lote, ipi basi ni ya anasa? Wengi hujibu haraka kwamba ni ile yenye dhahabu. Jibu hilo linahitaji kupimwa. Dhahabu ya karati 14 ina sehemu 14 za dhahabu halisi katika kila sehemu 24, yaani zaidi kidogo ya nusu. Watengenezaji wa zamani waliipendelea kwa sababu wino wa siku zile ulikuwa na asidi iliyokula chuma, nayo dhahabu haiogopi asidi hiyo. Hiyo ilikuwa sababu ya kazi, haikuwa sababu ya mapambo. Zaidi ya hayo, dhahabu ni laini, na ingeachwa isuguane na karatasi ingelika upesi. Ndiyo maana kwenye ncha ya nibu huunganishwa kitone kidogo cha madini magumu. Maana yake ni kwamba hata katika kalamu ya bei ghali kabisa, kile kinachogusa karatasi si dhahabu.

Maji ya dhahabu yaliyopakwa mwilini mwa kalamu ni habari nyingine. Huo ni utando mwembamba mno. Sisi tunaoishi kisiwani tunajua jasho la vidole na hewa ya chumvi hufanya nini. Katika muda usio mrefu utando huo huanza kutoka pale pale kalamu inaposhikwa, na chini yake huonekana madini ya rangi nyingine. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kalamu nyingi zinazoitwa za kifalme mabarazani mwetu ni mikakasi.

Thamani ya kalamu, kwa hiyo, imo katika ncha yake, na ncha ni kazi ngumu kuliko watu wanavyofikiri. Wachina wenyewe wamelikiri jambo hili. Mnamo Januari 2016, Li Keqiang, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uchina wakati huo, alisikitika hadharani kwamba nchi yake, inayozalisha chuma kingi kuliko nchi nyingine yoyote, ilikuwa bado haiwezi kujitengenezea vizuri ncha ya biro. Uchina ilikuwa ikitoa biro kwa mabilioni kila mwaka, lakini chuma cha ncha ikikiagiza kutoka nje. Mwaka uliofuata, 2017, kampuni ya chuma ya Taiyuan ilitangaza kwamba imefaulu kukitengeneza baada ya miaka ya utafiti. Naomba wanafunzi waizingatie habari hii. Taifa lililojenga reli na madaraja makubwa liliona haya kwa sababu ya kitu kidogo kuliko punje ya mtama, nalo halikupumzika hadi lilipokiweza. Huo ndio ustadi, na ustadi ndio anasa ya kweli.

Hapa sharti nitenge mambo mawili ambayo watu huyachanganya, nayo ni kuiga na kughushi. Hero 100 iliiga umbo la Parker, lakini imeandikwa jina lake yenyewe, na anayeinunua anajua anachonunua. Huyo ni mwanafunzi aliyemtazama mwalimu wake akajifunza. Ni tofauti kabisa na kalamu iliyotengenezwa kichochoroni, kisha ikapigwa nembo ya Montblanc au ya Parker ili imdanganye mnunuzi. Huo ni uongo, na sheria ya Kenya ya mwaka 2008 dhidi ya bidhaa ghushi inaukataza. Kichekesho ni kwamba Hero 616 nayo, iliyoanza kwa kufuata nyayo za Parker, sasa imepata waghushi wake, na madukani zimejaa bandia zake zinazovujisha wino tangu siku ya kwanza. Chema hakikosi mwigo.

Mwalimu anayempa mtoto kalamu yenye nembo ya uongo anampa somo gani? Tunawaonya watahiniwa wasiibe mtihani. Tunawaambia wasinakili insha ya mwenzao na kuandika jina lao juu yake. Kisha jukwaani, mbele ya wazazi, tunawavisha mfukoni insha iliyonakiliwa. Watoto wana macho. Afadhali mara mia kalamu ya bei nafuu yenye jina lake halisi kuliko kalamu ya fahari yenye jina la wizi.

Nirudi kwenye matumizi, kwani huko ndiko mwalimu anakopimia kila kitu. Anayesahihisha insha za madarasa matatu kwa biro hujua maumivu ya kidole gumba. Biro hutaka kukandamizwa ili kigololi chake kizunguke ndani ya wino mzito. Kalamu ya wino haitaki nguvu. Wino wake ni mwepesi, huteremka wenyewe kupitia ufa wa nibu na kuvutwa na karatasi mara tu ncha inapoigusa. Mkono huteleza tu. Kwa mtu aandikaye saa nne kwa siku, wepesi huo ni starehe ambayo hakuna kisanduku cha mahameli kinachoweza kuilipa.

Kuna jambo jingine linalozifanya kalamu za Uchina zitufae. Maandishi ya Kichina yana mistari mingi midogo iliyosongamana, na kwa hiyo nibu nyingi za huko huchongwa nyembamba ili zisiyavuruge. Daftari za watoto wetu nazo ni za karatasi hafifu, inayonyonya wino na kuusambaza kama tambara. Nibu nene ya Ulaya huharibu ukurasa wa daftari hizo pande zote mbili, lakini nibu nyembamba ya Shanghai hutoa wino kidogo na huacha mstari safi. Kitu kinachofaa mahali pake kina heshima kuliko kitu ghali kisichofaa.

Wala sifichi udhia wake. Katika joto la Mombasa, hasa mwezi wa Machi, kalamu ya wino iliyobaki nusu hutapika wino kwenye kifuniko, kwa sababu hewa iliyomo ndani hupata moto ikatanuka na kuusukuma wino nje. Dawa yake ni kuijaza mara kwa mara na kuibeba nibu ikitazama juu. Dawa ya kukwama ni kuiosha kwa maji safi. Mtoto anayeyajua haya amejifunza kutunza chombo. Kalamu anayoweza kuifungua, kuiosha na kuirudisha ilivyokuwa ina thamani kuliko ile inayotupwa siku ya kwanza ya kukwama.

Najua pingamizi zitakazotolewa. La kwanza ni kwamba biro inatosha. Ni kweli, na mimi siidharau biro. Ile ya Bic, iliyoanza kuuzwa Ufaransa mwaka 1950, imewafikia watoto ambao kalamu ya wino isingewafikia kamwe, na elimu ya msingi bila malipo ilipoanza nchini mwaka 2003 madarasa yetu yaliyofurika yaliandika kwa biro. Simwambii mzazi yeyote wa Majengo aache kununua unga anunue kalamu ya wino. Ninazungumzia zawadi, na zawadi haipimwi kwa haja ya lazima peke yake.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Inasemekana kalamu ya wino darasani huleta majivuno, mtoto mwenye nacho akamkoga asiye nacho. Hilo hutokea. Lakini nani anayekoga kwa kalamu nyembamba nyeusi? Kinachokogewa ni mng'ao. Tukiacha kutoa mng'ao, tutakuwa tumeiondoa nusu ya ugonjwa huo.

La tatu ni kwamba zama za mkono zimepita, sasa ni zama za simu na kompyuta. Ninalijibu kwa kifupi. Mtahiniwa wa KCSE bado hukaa mbele ya karatasi, na insha yake huandikwa kwa mkono wake. Maadamu hali ni hiyo, mkono unastahili chombo chema.

Isitoshe, sisi wa Mombasa tuna deni kwa kalamu. Muyaka bin Haji alifariki mwaka 1840, na tungo zake zingepotea nyingi lau si Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyeketi mjini humu mwishoni mwa karne ya 19 akazikusanya na kuziandika kwa herufi za Kiarabu, akishirikiana na W. E. Taylor. Mwaka 1940 zilichapishwa kitabuni, na leo wanafunzi wetu huzichambua darasani. Mwana Kupona, alipotaka kumwachia bintiye wasia, alianza kwa kumtaka alete wino na karatasi. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianza kutoa Sahifa hapa Mombasa mwaka 1930, akafuatisha Al-Islah mwaka 1932, akawaamsha watu kwa maandishi. Hakuna aulizaye leo kalamu za watu hao zilinunuliwa kwa bei gani. Kilichobaki ni kilichoandikwa.

Majengo yenyewe inaweza kutufunza. Mtaa huu ulikua kwa utaratibu wa nyumba bila ardhi, ambapo mwenye kiwanja alikuwa mmoja na mwenye nyumba mwingine. Mtu alijenga juu ya ardhi isiyokuwa na jina lake, akalipa kodi ya kiwanja, na bado alichonga mlango wake kwa makini na kuinua kuta zilizolea vizazi. Hati ilikuwa ya mwingine, kazi ilikuwa yake. Ndivyo nionavyo kalamu njema ya Uchina. Haina jina kubwa la kujivunia, lakini kazi iliyomo ndani yake ni ya mwenyewe na inasimama.

Ushauri wangu kwa walimu wenzangu na kwa kamati za wazazi ni huu. Mnapochagua kalamu ya kutuza, msiangalie kisanduku. Ifungueni mbele ya muuzaji. Inueni nibu kwenye mwanga muone kama ufa wake umenyooka na pande zake mbili ziko sawa. Chovyeni wino, andikeni sentensi nzima bila kukandamiza, na msikilize kama inakwaruza. Ulizeni kama chupa za wino wake zinapatikana mjini. Someni jina lililoandikwa juu yake mjiulize kama ni jina lake kweli. Ikifaulu, inunueni hata kama haing'ai, na pesa zitakazobaki zinunueni chupa ya wino na daftari la karatasi nzuri, viende pamoja.

Kwenu wanafunzi nina neno moja tu. Akikupa mtu kalamu ya wino, usiiweke kabatini kungojea siku kuu. Nibu hulainika kwa kuandikiwa, na mkono hukomaa kwa kuandika. Ijaze leo, andika ukurasa mmoja, na kesho mwingine. Ukifika mwisho wa chupa ya kwanza, utakuwa na tunu ambayo hakuna duka linaloiuza.